SAYARI ISIYO NA ASUBUHI
Somo la falaki, lugha na ujirani kutoka Chama cha Kiswahili

Msomaji mpenzi, nina swali. Je, kama kungekuwa na ulimwengu ambako jua halichomozi wala halitui, watu wa huko wangesalimianaje? "Umeamkaje" haifai. "Habari za asubuhi" pia haifai, kwa maana hakuna asubuhi. Na ile methali yetu kwamba siku njema huonekana asubuhi ingekuwa ya kazi gani?

Swali hili lilizuka katika mkutano wa chama chetu muhula wa pili. Mwalimu mlezi alikuja na mada: sayari ya mwamba inayozunguka nyota nyingine, ambayo huenda viumbe wangeweza kuishi juu yake. Kazi yetu ilikuwa kuichunguza, kisha kubuni jamii yake. Wengine tulinung'unika. "Mwalimu, hii si ni Fizikia?" Akatujibu kuwa lugha ni chombo, na chombo hujulikana uimara wake kikipakiwa mzigo. Basi tukanyamaza tukapakia.

Kwanza alichora safu tatu ubaoni. Ya kwanza aliiandika TUNALOJUA, ya pili TUNALOKISIA, ya tatu TUNALOBUNI. Akatuonya kwamba kila sentensi tutakayosema lazima iingie katika safu moja, na hairuhusiwi kuihamisha kimyakimya kutoka safu ya tatu hadi ya kwanza. Shika hilo, msomaji, maana nitalirudia mwishoni.

1. TUANZIE NYUMBANI

Watu hudhani mambo ya anga ni ya mbali, ya Wazungu na Wachina. Hebu panda gari hapa Garsen uelekee Malindi. Kabla hujafika Malindi kuna njia ya kuingia Ngomeni, kando ya Ghuba ya Ungwana, ghuba ile ile ambayo mto wetu humwaga maji yake kule Kipini. Pale Ngomeni kuna kituo cha anga cha Waitaliano, kinachoitwa Luigi Broglio. Wazee bado wanakijua kwa jina la San Marco.

Kwa nini walichagua pwani yetu? Ni kwa sababu iko karibu na ikweta. Dunia inapojizungusha, sehemu za ikweta ndizo zinazokwenda kasi zaidi, kwa hiyo roketi inayorushwa kuelekea mashariki hupewa msukumo wa bure. Tena mbele yake ni bahari tupu, haina mtu wa kuangukiwa.

Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sherehe za Uhuru wa Kenya, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa lililosimamishwa baharini hapo. Kwa heshima ya siku hiyo ikaitwa Uhuru. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kwa kuchunguza miali ya eksirei itokayo angani, na iliorodhesha vyanzo zaidi ya 300 vya miali hiyo. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alipata Tuzo ya Nobeli ya Fizikia mwaka 2002. Kwa hiyo neno la Kiswahili limo katika vitabu vya falaki vya dunia nzima.

Si hayo tu. Tarehe 25 Desemba 2021 darubini kubwa ya James Webb ilirushwa kutoka Guiana ya Ufaransa, Amerika ya Kusini. Ilipokwisha kuachana na roketi na kukunjua bamba lake la kuvuna nguvu za jua, mpango ulikuwa mawasiliano yake na watu wa duniani yapitie kituo hiki hiki cha pwani ya Malindi, ili wataalamu walioko Baltimore, Marekani, waipe amri za kwanza. Darubini hiyo ndiyo inayoichunguza sayari ninayotaka kukueleza. Naam, jirani yetu Ngomeni amo ndani ya kisa.

2. SAYARI YENYEWE

Nyota yake huitwa TRAPPIST-1, kwa jina la darubini ya Chuo Kikuu cha Liège, Ubelgiji, iliyoko La Silla nchini Chile. Mtaalamu Michaël Gillon na wenzake walitangaza sayari tatu za nyota hiyo mwaka 2016. Tarehe 22 Februari 2017 wakatangaza kuwa sayari ni saba, na zote ukubwa wake haupishani sana na wa Dunia. Sayari hupewa herufi kuanzia b. Yetu sisi ni e.

Nyota hiyo imo katika kundi ambalo wanafalaki wa pwani huliita Dalu, maana yake ndoo ya kutekea maji. Usitoke nje ya bweni kuitafuta, haionekani kwa macho matupu. Ni nyota kibete nyekundu, unene wake umepita kidogo tu ule wa sayari ya Mshtarii, na joto la uso wake halifiki nusu ya lile la Jua. Iko umbali wa miaka 40 hivi ya nuru. Nuru hukimbia kilomita 300,000 kwa sekunde moja, kwa hiyo hiyo tunayoipokea leo ilitoka huko kabla mwanafunzi yeyote wa shule hii hajazaliwa. Chombo cha Voyager 1, kinachokwenda kilomita 17 kwa sekunde, kingeelekezwa huko kingechukua zaidi ya miaka 700,000. Na ukituma salamu kwa redio leo, jibu utalipata baada ya miaka 80. Labda walipokee wajukuu wako.

Sayari e upana wake ni asilimia 92 ya upana wa Dunia, na uzito wa maada yake ni kama asilimia 69. Ukipiga hesabu, gunia lako la mahindi la kilo 90 ungelisikia begani kama kilo 74. Nafuu kwa wapagazi! Inapata kama theluthi mbili ya nuru tunayopata sisi kwa Jua. Iko kilomita milioni 4.4 tu kutoka kwa nyota yake, ilhali sisi tuko kilomita milioni 150 kutoka kwa Jua. Tungechomeka, lakini kwa vile nyota yenyewe ni hafifu, hapo ni mahali pa kadiri: maji yakiwako, na hewa ikiwako, huenda yasichemke yote wala yasigande yote.

3. TUMEJUAJE, NA HATUJAIONA?

Hili lilitusumbua. Hakuna aliyeiona sayari hiyo kama tunavyouona mwezi. Mwalimu akatuonyesha balbu ya darasani wakati wa masomo ya jioni. Nondo mmoja alikuwa akiizunguka. Kila alipopita mbele ya balbu, nuru ilipungua kidogo. Ungekuwa mbali sana usimwone nondo, bado ungejua kuna kitu kinachopita, kwa sababu nuru inapungua kwa vipindi vilivyo sawa.

Ndivyo ilivyo kwa sayari e. Kila baada ya siku 6.1 inapita mbele ya nyota yake, na nuru hupungua kwa kama nusu ya asilimia moja. Ni sawa na mtu kuchukua shilingi 5 katika shilingi 1,000 zako. Kina cha upungufu huo hutuambia upana wa sayari. Na kwa vile sayari hizo saba huvutana, kila moja hufika mapema au huchelewa kidogo. Kutokana na kuchelewa huko wataalamu hupima uzito wa maada yake. Ukiwa na upana na uzito, unajua kama ni mwamba au ni gesi. Hii ni mwamba.

Kuhusu hewa, Webb huitazama nuru ya nyota iliyopenya pembeni mwa sayari. Kila gesi humeza rangi zake, ikaacha alama kama kidole kwenye glasi. Mwaka 2023 darubini hiyo ilionyesha kuwa sayari b, iliyo karibu zaidi na nyota, haielekei kuwa na hewa nzito. Kwa sayari e, matokeo ya kwanza yaliyotolewa mwaka 2025 hayakuthibitisha hewa wala kuikanusha. Nyota yenyewe ina madoa na hupasua milipuko mara kwa mara, na alama zake huchanganyika na zile zinazotafutwa. Kazi inaendelea.

Haya yote tuliyaweka safu ya kwanza. Kwamba kuna maji, viumbe au watu, hakuna ajuaye.

4. USO MMOJA KWA JUA

Sasa tuingie safu ya pili. Sayari iliyo karibu hivyo na nyota yake hukisiwa kuwa imeshikwa, ikaielekezea uso mmoja daima, kama Mwezi unavyotuonyesha sisi uso mmoja. Upande mmoja ni mchana usiokwisha. Upande wa pili ni usiku usiokucha, penye barafu. Kati yake kuna ukanda mwembamba unaoizunguka sayari kama pete, ambako jua limekaa palepale kwenye upeo. Ni magharibi ya milele. Na jua lenyewe ni jekundu, upana wake machoni mara nne ya letu.

Mwenzetu mmoja aliuliza, "Je, mfungaji wa Ramadhani akiwa huko, atafuturu lini?" Tulicheka, lakini hakuna aliyejibu.

Upepo nao una mambo. Hewa ya upande wa mchana ikipata joto hupanda juu, na ile ya baridi kutoka usikuni huja chini chini kuchukua nafasi yake. Hapa pwani manahodha husubiri kaskazi igeuke kusi, kwenda kwa huu na kurudi kwa ule. Huko upepo wa chini ungekuwa mmoja daima, kutoka gizani kwenda juani. Nahodha angekwenda kwa raha, kurudi ndiyo shida.

Sisi wanachama wa Kiswahili tukaingiwa na wasiwasi wa msamiati. Saa zetu twahesabu kuanzia macheo: saa moja asubuhi ni saa ya kwanza ya mchana. Huko saa moja haitaanza kamwe. Jana na kesho zitatenganishwa na nini? Mashariki na magharibi, maneno yaliyotokana na kuchomoza na kuzama kwa jua, yatapotea. Tukapendekeza pande mbili, Juani na Gizani. Mwezi haujulikani kuwako, lakini sayari jirani zinapokaribia huonekana kwa ukubwa kama wa mwezi wetu mpevu, basi wangehesabu kwa ndugu hao. Na mwaka ni siku 6 na kidogo, kwa hiyo mwenye miaka 16 hapa angehesabiwa miaka 958 kule. Mkuu wa bweni akasema kwa umri huo asingekubali kuamrishwa na mtu yeyote kwenda kupiga deki.

5. JAMII YA PETE, NA UGOMVI WETU

Safu ya tatu ndiyo iliyoleta moto. Tulikubaliana kubuni hivi: barafu ya Gizani huyeyuka ukingoni, mito ikatoka huko, ikaukata ukanda, ikapotelea katika jangwa la Juani. Watu wanaishi kwenye pete tu. Kando ya mito, kikundi cha kwanza darasani kikaweka wakulima: ndizi, mpunga, miembe, na majani yake labda meusi ili yanywe vizuri ile nuru nyekundu. Nilikuwa katika kikundi hicho. Mimi ni mjukuu wa mkulima, na tulichora mashamba mazuri kweli, yamepakana kando yote ya mto, kutoka barafuni hadi jangwani, na ua mzuri kuyazunguka.

Kikundi cha pili kikaleta wafugaji. Malisho yakiliwa lazima yapumzike, kwa hiyo mifugo husonga mbele kuifuata pete. Tulipiga hesabu: mzunguko wa sayari hiyo ni kama kilomita 37,000. Ng'ombe wakienda kilomita 10 kwa siku, kundi litarudi mahali lilipoanzia baada ya siku 3,700, yaani miaka 10 yetu. Mtoto aliyeondoka akiwa mgongoni mwa mama anarudi akiwa mchungaji kamili.

Hapo mwenzangu wa dawati, ambaye kwao ni wafugaji, akasimama akaenda ubaoni. Akaweka kidole kwenye ua wetu. "Nipite wapi?" akauliza.

Tukamwambia azunguke. Akauliza, azungukie Juani ng'ombe wafe kwa joto, au Gizani wafe kwa baridi? Mmoja wetu akajibu kwa hasira kwamba ng'ombe wakipita watamaliza mpunga, nasi tutakula nini? Sauti zikapanda. Hatukuwa tukizungumzia sayari tena, na kila mtu darasani alilijua hilo.

Hapa kwetu, kati ya Agosti na Septemba 2012, na tena Desemba mwaka huo, wakulima na wafugaji wa delta hii walishambuliana. Zaidi ya watu 100 walikufa, wakiwamo wanawake na watoto. Nilikuwa na miaka 3. Nakumbuka tu kubebwa usiku na kuambiwa nisilie. Mwenzangu wa dawati alikuwa na umri uo huo, upande wa pili wa mto, naye anakumbuka vivyo hivyo. Tumekaa dawati moja tangu Kidato cha Kwanza, na hatukuwa tumewahi kuambiana hayo mpaka siku hiyo ya sayari.

6. MALKA

Mwalimu hakutugombeza. Aliuliza swali moja tu: hapa Tana, wazee walifanyaje kabla yetu?

Jibu tulilijua sote. Ni malka. Kwa msomaji asiye wa huku, malka ni njia inayoachwa wazi kati ya mashamba ili mifugo iteremke mtoni kunywa maji. Mto wetu, mrefu kuliko yote nchini, hushuka kutoka milima ya Aberdare na Mlima Kenya, ukapita katika nchi kavu. Kijani yetu ni ukanda tu kando ya maji. Kiangazi kikikaza, mfugaji hana pengine pa kwenda ila deltani, na mkulima hana pengine pa kulima ila palipofikiwa na mafuriko. Wazee wa Gasa kwa upande wa Wapokomo, na wa Matadeda kwa upande wa Waorma, ndio walioketi kusema ng'ombe wapite wapi, lini, na atakayeharibu shamba alipe nini. Malka zikizibwa, au mifugo ikiachiwa ipite popote, ndipo balaa huanza.

Basi tulifuta ua tukaanza upya. Kila mto wa pete ukapewa malka mbili, moja ya kwenda mtoni na moja ya kuvukia. Mifugo ikivuka inaacha samadi kwenye mashamba yaliyovunwa, na wakulima wanatoa mabua. Kundi likikaribia, mjumbe hutangulia. Na tuligundua jambo ambalo hatukulijua tulipoanza: kwenye pete, malka moja ikifungwa imefungwa dunia nzima. Wa nyuma hawawezi kwenda, wa mbele hawapati maziwa wala habari, na mwisho wake hata aliyefunga atazungukwa na watu wenye njaa kutoka pande zote mbili. Hakuna wa kumkimbilia, maana kulia ni moto na kushoto ni barafu.

Sitadai kwamba delta yetu ni pete. Tuna barabara ya Lamu, tuna soko, tuna serikali, tuna Minjila na Tarasaa na Witu. Lakini ukanda ni ukanda, na maji ni yale yale.

Sasa nirudi kwenye zile safu tatu kama nilivyoahidi. Mwenzangu alipouliza "Nipite wapi?" mimi nilisikia "Nataka shamba lako." Hilo nilikuwa nimelibuni, nikaliandika katika safu ya kwanza kana kwamba nalijua. Wanafalaki wana darubini iliyogharimu mabilioni ya dola, na bado wanasema kuhusu hewa ya sayari e, "Hatujajua, ngoja tupime tena." Sisi kwa jirani wa dawati moja hatungoji hata dakika. Siku hizi nikisikia habari za watu wa ng'ambo najiuliza kwanza: hii ni safu ya ngapi?

Kuhusu salamu ya sayari isiyo na asubuhi, tulipiga kura. Iliyoshinda ni ya mwenzangu wa dawati. Anayefika husema, "Njia?" Naye mwenyeji hujibu, "I wazi."

ZOEZI

1. Nyanya yako ana miaka 70. Angehesabiwa miaka mingapi kwenye sayari e, ambako mwaka ni siku 6.1?

2. Mwaka 2019 Kenya ilipewa nafasi ya kuipa jina nyota moja na sayari yake. Nyota ikaitwa Kalausi na sayari Buru, kwa Kijaluo: upepo wa kisulisuli na vumbi. Tanzania nayo ikachagua Mpingo na Tanzanite. Ungepewa nafasi hiyo, ungeiitaje sayari e? Toa sababu.

3. Tunga methali mbili za watu wa pete zisizotaja asubuhi, usiku kucha, wala mwezi.

4. Chora safu tatu. Andika mambo matano unayosema kuhusu watu wa ng'ambo ya mto, kila moja katika safu yake. Zoezi hili si la kusahihishwa na mwalimu. Mpe mwenzako wa ng'ambo alisahihishe.

Wasalaam.
Mwanachama, Kidato cha Tatu